Tiba mtandao: mgonjwa hupima kitakachofuata baada ya kukata simu

Tangu Bunge lilipopitisha Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, tiba mtandao imekuwa haikosekani kwenye mazungumzo ya kuwafikishia madaktari watu walio mbali nao. Hoja yenyewe ni nyepesi kuielewa. Madaktari bingwa ni wachache na wengi wako mijini, laini za simu zilizosajiliwa nchini zimepita milioni 80, basi mgonjwa wa Mpwapwa azungumze na daktari wa Dodoma bila kupanda basi. Huduma ikizinduliwa halafu wapigaji wakawa wachache, maelezo nayo tunayajua kabla hayajatolewa: wananchi hawana elimu, wanaiogopa teknolojia, intaneti haijafika, simu janja ni ghali. Mimi naona maelezo haya yanaanzia mahali pasipofaa. Mgonjwa hapimi simu. Anapima kitakachofuata baada ya kuikata: dawa atazipata wapi, kipimo atakifanya kwa nani, fedha zitatoka mfuko gani, na hali ikigeuka usiku ni nani atakayepokea. Pale majibu ya maswali haya yanapokuwepo, watu hupiga hata kwa kitochi. Yasipokuwepo, hata mwenye simu ya milioni mbili hupanda bodaboda akaenda kupanga foleni.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwenye hotuba hutajwa kama jambo moja. Ipo tiba mtandao ya daktari kwa daktari, ambapo picha ya eksirei inapigwa katika hospitali ya mkoa na kusomwa na bingwa aliyeko Muhimbili. Hiyo haimhitaji mgonjwa ashawishike kwa lolote, maana yeye yuko hospitalini tayari, na kama mtambo unafanya kazi huduma inafanyika. Ya pili ni ya mgonjwa kwa daktari: mtu yuko nyumbani, anajisikia vibaya, na ni yeye anayeamua ampigie nani. Mafanikio ya ile ya kwanza hayatuambii chochote kuhusu hii ya pili, kwa sababu hapa mwamuzi ni mgonjwa mwenyewe na ana njia nyingine mkononi.

Halafu tukubali jambo ambalo takwimu za huduma hizi haziwezi kulionyesha. Watanzania wanamtafuta mtabibu kwa simu kila siku. Karibu kila ukoo una nesi, au kijana anayesoma udaktari, au jirani wa zamani aliyewahi kufanya kazi zahanati, na namba yake inajulikana na wote. Mtoto akipata homa saa nne usiku, anayepigiwa ni huyo. Anapigwa picha karatasi ya majibu ya maabara na kutumiwa kwa WhatsApp. Anaulizwa kama dawa hii na ile zinaweza kumezwa pamoja. Huyo ni daktari wa mbali kwa maana zote, hata kama hakuna wizara inayomhesabu. Sasa mtu anayefanya hivi mara tatu kwa mwezi, tunawezaje kusema hajazoea kutibiwa kwa simu? Amezoea sana. Alichokataa ni kumpigia mtu asiyemjua, amlipe, halafu aachwe njiani.

Neno hilo la kuachwa njiani nalitumia nikimkumbuka shangazi yangu, anayeishi Muheza na ana presha ya miaka mingi. Mwaka juzi mjukuu wake alimsajili kwenye huduma moja ya kuzungumza na daktari kwa simu. Siku ya miadi nilikuwepo. Kwa kuwa shangazi hasikii vizuri, simu iliwekwa spika na kulazwa juu ya kinu kilichopinduliwa, sisi wanne tukiwa tumekaa ukumbini. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, aliamkia shikamoo na kusubiri aitikiwe. Akauliza kuhusu kichwa, akauliza kuhusu miguu kuvimba, akauliza anaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo. Shangazi akajibu, "Mzima tu, mwanangu." Tulipobaki wawili jikoni ndipo aliponiambia anaamka mara nne au tano, na kwamba hakuweza kulisema hilo mbele ya mkwe. Jioni ujumbe ukaingia wenye jina la dawa mpya. Duka la kwanza halikuwa nayo. La pili walitaka cheti chenye muhuri. Tulipokwenda kituo cha afya kuomba cheti, tukaambiwa lazima amwone daktari wa pale na alipie kumwona. Shangazi alilipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na hajapiga tena. Ukimweka kwenye takwimu, atahesabiwa miongoni mwa wazee wasioiweza teknolojia.

Ndiyo maana hoja ya elimu duni naiona kuwa ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopendwa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Wazee walewale tunaoambiwa wanaogopa teknolojia walijifunza kubonyeza menyu, kukariri namba ya siri, kusoma ujumbe wa muamala na kuutambua ujumbe wa tapeli. Hawakupelekwa semina. Walijifunza kwa sababu mwisho wa ile menyu alikuwepo wakala, mtu mwenye meza na mwavuli wake pale stendi, anayegeuza ujumbe kuwa noti. Fred Davis, aliyechunguza mwaka 1989 kwa nini wafanyakazi wa ofisini huzikubali au huzikataa programu za kompyuta, aligundua kwamba imani ya mtu kuwa kitu kitamfaa ina nguvu kuliko urahisi wa kukitumia. Watu huvumilia kitu kigumu chenye faida. Kilicho rahisi lakini hakiwafikishi popote, hukiacha. Huduma nyingi za daktari kwa simu zimetumia nguvu zao kurahisisha menyu, na wakala hazijamweka.

Rwanda walimweka, na tunapaswa kuwatazama kwa makini kwa sababu wanafanana nasi kuliko Ulaya. Babyl, tawi la kampuni ya Uingereza iitwayo Babylon, ilianza kazi huko mwaka 2016. Haikudai simu janja. Mgonjwa alibonyeza *811#, akajisajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa, akapangiwa muda, nesi akampigia na kumsikiliza, na ikibidi akapelekwa kwa daktari. Baada ya hapo ulikuja ujumbe mfupi wenye namba, na namba hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa duka la dawa au maabara. Muhimu zaidi, huduma iliunganishwa na Mutuelle de Santé, bima ya jamii inayowafikia Wanyarwanda walio wengi, hivyo kumpigia daktari hakukuwa starehe ya kulipia pembeni. Waliojisajili walizidi milioni 2 katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 13 na ushei. Je, Wanyarwanda wana shahada zaidi ya Watanzania? Hapana. Walikuwa na namba inayopokelewa na mfamasia, na bima inayolipa.

Mwisho wa Babyl nao una funzo, na haupaswi kupindishwa. Mwaka 2020 serikali ya Rwanda iliingia nayo mkataba wa miaka 10. Mwaka 2021 kampuni mama iliingia soko la hisa la New York, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa imeanguka kifedha. Huduma ya Rwanda ikafungwa mwaka huohuo. Wapo wanaotaja jambo hili kama ushahidi kwamba Waafrika hawataki daktari wa simu, lakini waliokosekana ni wenye mtaji walioko maelfu ya kilomita kutoka Kigali, ilhali wapigaji walikuwepo. Kwangu mimi swali zito ni jingine: tabia ya mamilioni ya watu ya kutafuta matibabu ilijengwa juu ya hesabu za kampuni ambayo hawakuwa na sauti ndani yake. Mtu aliyeachwa namna hiyo mara moja, mara ya pili atauliza maswali mengi kabla ya kujisajili, na atakuwa na haki.

Anayedhani haya ni mambo ya nchi maskini atazame Marekani. Mwaka 2019, wazee na watu wenye ulemavu walio kwenye bima ya umma ya Medicare walimwona mtoa huduma kwa njia ya mtandao mara 840,000 hivi. Mwaka 2020 idadi ikafika milioni 52.7. Uviko-19 uliwatisha watu, hilo halina ubishi. Lakini hofu peke yake isingetosha, kwa sababu kabla ya hapo bima hiyo ililipia huduma hizi kwa masharti magumu: kwa kawaida mgonjwa alitakiwa awe kijijini, na tena awe ndani ya kituo cha afya, si nyumbani kwake. Machi 2020 masharti yakalegezwa. Mgonjwa akaruhusiwa kukaa sebuleni, na baadhi ya huduma zikalipiwa hata kwa simu ya sauti bila picha. Vifaa vilikuwa vilevile na watu walikuwa walewale. Ruhusa hiyo ni ya muda, nayo imekuwa ikiongezwa kidogokidogo. Ilipoisha tarehe 30 Septemba 2025, wakati serikali yao ikielekea kufungwa kwa kukosa bajeti, baadhi ya watoa huduma walianza kuahirisha miadi ya mtandaoni kwa sababu hawakujua nani atalipa, hadi Novemba iliporejeshwa. Intaneti ya Marekani haikukatika hata siku moja katika wiki hizo sita.

Hapa kwetu tuna mfano ambao sijui kwa nini hautajwi tunapojadili tiba mtandao. Ni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla Rais Samia hajauzindua kitaifa mwaka 2022. Mtu anapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali ya kitabibu, anaamua uzito wa hali, anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama kituoni. Hiyo si miadi ya daktari, najua. Ila ni mazungumzo ya simu kati ya mwanakijiji na mtu asiyemjua kuhusu jambo la uhai na kifo, na watu wanapiga. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba sauti ya mbali inaweza kuaminika. Gari linakuja, basi. Mara ya kwanza lilipofika kwa jirani, kijiji kizima kiliijua namba.

Upande wa pili una hoja moja yenye uzito wa kweli, nayo inatoka kwa madaktari wenyewe. Wanauliza, nitamtibu vipi mtu nisiyemgusa? Kwa nchi yenye malaria swali hili haliepukiki. Mwongozo wetu wa tiba unataka homa ipimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, na simu haitoboi kidole. Daktari anayemsikiliza mama wa mtoto mwenye homa anaweza kutambua dalili za hatari, akasema mkimbize sasa hivi, na hilo ni jambo kubwa. Zaidi ya hapo atamtuma akapime. Ikiwa kupima kunamaanisha kwenda kituoni na kuanza upya, mama atajiuliza kwa nini asingeanzia huko. Kwa hiyo nakubaliana na madaktari kwamba kwa magonjwa ya ghafla yanayohitaji kipimo, simu ni nusu ya safari. Siwafuati wanapoigeuza hoja hiyo kuwa dhidi ya simu kwa ujumla. Mgonjwa wa presha au kisukari anayehudhuria kliniki kila mwezi, mara nyingi safari yake ni ya kupimwa, kuulizwa maswali machache na kuandikiwa dawa zilezile. Mwenye msongo wa mawazo, anayetaka kubadili njia ya uzazi wa mpango, anayesubiri kusomewa majibu: hawa wanapoteza siku nzima ya shamba au ya biashara, na nauli juu yake, kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Na mshindani wa daktari wa simu si hospitali kama wengi wanavyodhani. Ni duka la dawa. Tangu mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanzia Ruvuma mwaka 2003, vijiji vingi vina mahali ambapo mtu anaingia, anasema tumbo linakata na kichwa kinagonga, na anatoka na kikaratasi chenye vidonge ndani ya dakika tano. Hakuna ada ya kumwona mtu. Muuzaji anajulikana, anakopesha, na dawa zikikataa utamkuta palepale kesho. Tunalia, tena kwa haki, kwamba antibiotiki zinauzwa kama karanga. Lakini tujiulize huduma ya simu inampa nini mgonjwa ambacho muuzaji huyu hampi. Utaalamu, ndiyo, ila utaalamu hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni kwamba upande mmoja kuna dawa na mtu wa kurudi kwake, na upande mwingine kuna sauti. Hata jina la daktari mpigaji hana njia nyepesi ya kulihakiki. Baraza la Madaktari Tanganyika lina daftari la waliosajiliwa, lakini ni wagonjwa wangapi wanaojua kwamba wanaweza kuulizia humo? Vishoka wa tiba wametujaa mitandaoni wakiuza dawa za nguvu za kiume, na kila anayetapeliwa nao anabeba shaka hiyo hadi kwenye simu ya daktari wa kweli.

Suala la faragha nalo linazungumzwa kijuujuu, kana kwamba ni la kulinda kumbukumbu kwenye kompyuta tu. Hilo lipo na lina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini faragha inayomzuia mgonjwa kupiga iko ndani ya nyumba. Simu ni ya mume, au ni ya familia, au inahitaji kijana wa kuibonyeza. Ujumbe wa majibu unaingia na yeyote aliyeishika anausoma. Msichana anayetaka kuuliza kuhusu ujauzito, mwanamume mwenye kisonono, mke anayemeza dawa za kufubaza virusi bila mumewe kujua: kwa hawa kituo cha afya chenye foleni ndefu kina siri zaidi kuliko chumba chao wenyewe. Na lugha nayo ina mlango wake. Mwanamke wa makamo akisema ana tumbo la chini, ana maana pana kuliko tumbo, na nesi aliyekaa naye ana kwa ana huona macho yanavyoinama akaelewa aulize nini. Kwenye simu kinachomfikia daktari ni maneno matupu. Ndiyo sababu naamini simu hufanya kazi vizuri zaidi kati ya mgonjwa na mtoa huduma waliokwisha kuonana. Waliofahamiana kliniki huweza kuendelea kwa simu bila shida, ilhali wasiojuana wanaanza kwa kupapasa.

Sipuuzi intaneti. Mazungumzo ya video yanakula bando, na mtandao ukikatika katikati ya maelezo mgonjwa anabaki na nusu ya ushauri, jambo ambalo linaweza kuwa hatari kuliko kukosa kabisa. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano na minara ya vijijini ni kazi ya lazima. Ninachosema ni kwamba minara peke yake italeta kitu kilekile tulichokiona kwa shangazi, ila kwa kasi zaidi: mazungumzo safi yasiyokatika, yanayoishia kwenye duka linalotaka muhuri.

Ikiwa nimesoma sawa, basi mahali pa kupigania tiba mtandao ni kwenye kitita cha mafao cha bima, yaani jedwali la huduma zinazolipiwa na bei zake. Machi 2024 mvutano kati ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) na hospitali binafsi kuhusu kitita kipya uliwafungia wanachama milango ya baadhi ya hospitali. Tuliona jinsi bei iliyoandikwa kwenye jedwali inavyoweza kuamua mgonjwa ahudumiwe au arudi nyumbani. Kama kumwona daktari kwa simu hakutakuwa na mstari wake ndani ya jedwali hilo, wenye bima watakwenda kupanga foleni kwa sababu huko wamekwisha kulipia, na wasio na bima hawatalipia sauti. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipokuwa inapitishwa, Watanzania wenye bima walikuwa kama asilimia 15. Kadiri idadi hiyo itakavyopanda ndivyo uamuzi wa mstari mmoja utakavyogusa watu wengi.

Jambo la pili ni mtu wa kati. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikia wahudumu 137,294. Hapo ndipo alipo wakala wetu. Mhudumu mwenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na simu yenye salio anaweza kukaa na mgonjwa chumbani, mlango umefungwa, akapima, akapiga, akamwachia mgonjwa azungumze, kisha akafuatilia kama dawa zimepatikana. Yeye anajulikana na atakuwepo kesho. Wapo watakaosema tunamtwika mzigo mtu ambaye posho yake yenyewe ni ndogo, na wana hoja. Basi malipo ya kazi hiyo yaingizwe kwenye gharama ya miadi, kama wakala wa fedha anavyopata kamisheni yake kwa kila muamala, badala ya kumwombea moyo wa kujitolea.

Kilichobaki ni cheti cha dawa kinachotambulika kila mahali. Kutoka kwa shangazi yangu hadi duka la dawa la jirani ni mwendo wa dakika mbili. Muuzaji ana laini ya uwakala, na kila siku anasoma namba za miamala kwenye kioo cha simu kilichopasuka na kuzitolea fedha bila kumdai mtu muhuri. Namba ya cheti kutoka kwa daktari angeisoma kwenye kioo hichohicho. Bado hajapewa amri ya kuipokea, wala mfuko wa kumlipa.